Mlango Unaobishwa Mara Moja kwa Mwaka

Huja wawili, wamevaa kiraia. Gari lao halina rangi za polisi wala king'ora, na huliegesha mtaa wa pili ili majirani wasianze kuchungulia madirishani. Hawapigi simu kusema wanakuja. Mwenye nyumba akifungua, huingia sebuleni, huketi, na maongezi huanza kwa mambo ya kila siku: kazi inakwendaje, mgongo umepoa, kodi imelipwa. Lakini macho ya askari hayamo kwenye maongezi. Mbona bafuni kuna miswaki miwili, naye anasema anaishi peke yake? Baiskeli ile ndogo ukumbini ni ya nani? Simu ya pili juu ya meza imetoka wapi? Wakiridhika, huaga na kuondoka. Na kama mwenye nyumba yumo katika kundi la hatari ndogo, hodi nyingine ni mwakani.

Ndivyo polisi wa Uingereza wanavyowafuatilia watu waliotiwa hatiani kwa makosa ya ngono ambao sasa wanaishi mitaani kama watu wengine. Majina yao yamo katika daftari maalumu lililoanza tarehe 1 Septemba 1997. Askari wanaolishughulikia wana swali ambalo halimo katika sinema za upelelezi. Mtu hatari si kitendawili: unamweka mbele, unamtembelea kila mwezi, unamwekea masharti. Kitendawili ni yule asiyeonekana hatari, na walio kama yeye ni maelfu kwa maelfu. Umtazame kiasi gani? Na ukiacha kumtazama, uache kwa kigezo kipi?

Daftari lenyewe si orodha tu ya majina. Sheria ya Makosa ya Ngono ya mwaka 2003 inamtaka aliyetiwa hatiani afike kituoni ndani ya siku tatu tangu ahukumiwe au atoke gerezani, aandikishe majina yote anayoyatumia, tarehe ya kuzaliwa, namba ya bima ya taifa na anwani yake. Tangu 2012 yameongezwa mengine: hati ya kusafiria, akaunti na kadi za benki, na taarifa kama anaishi nyumba moja na mtoto wa chini ya miaka 18. Akihama, siku tatu. Akibadili jina, siku tatu. Akilala kwingine jumla ya siku saba ndani ya mwaka, hata kama hazikufuatana, aseme. Akitaka kwenda nje ya nchi, hata kwa usiku mmoja, kwa kawaida aseme siku saba kabla. Asiye na makao huripoti kila wiki. Na hata kama hakuna kilichobadilika, kila mwaka afike mwenyewe kaunta kuthibitisha, na polisi wanaweza kumpiga picha na kuchukua alama za vidole. Akipuuza bila sababu ya maana, ni jela hadi miaka mitano.

Sharti la safari linawagusa hata watu wa Afrika Mashariki. Mwaka 2014 mahakama ya Birmingham ilimtia hatiani Mwingereza Simon Harris kwa kuwadhalilisha wavulana huko Gilgil, Kenya, kwa kuwa sheria ya Uingereza inaruhusu kosa la namna hiyo lililotendwa ng'ambo lishtakiwe nyumbani. Polisi wakijua mapema mtu wa daftari anaelekea wapi, wanaweza kuitahadharisha nchi anayokwenda. Interpol ina notisi yake ya kijani kwa kazi hiyo hasa.

Tabu inaanza kwenye idadi. Aliyepewa onyo rasmi la polisi hukaa kwenye daftari miaka miwili. Kifungo kisichozidi miezi sita kinamweka miaka saba. Zaidi ya hapo lakini chini ya miezi 30, miaka kumi. Kuanzia miezi 30 kwenda juu hakuna kikomo. Daftari ni daladala inayopakia kila kituo huku abiria wengi hawashuki. Mwaka 2010 England na Wales zilikuwa na waliosajiliwa wapatao 35,000. Kufikia 2023 walipita 68,000. Na katika miaka hiyohiyo bajeti ilibanwa, polisi wakapungua kwa askari kama 20,000, kisha kuanzia 2019 serikali ikahangaika kuwarudisha. Waliorudi hawakuwa walewale walioondoka. Kijana aliyemaliza mafunzo juzi anaweza kuongoza magari barabarani. Kukaa sebuleni na mtu aliyeishi kwa kuficha, ukamsoma usoni, ni ufundi wa miaka.

Intaneti nayo haikupunguza kitu. Wakala wa Taifa wa Uhalifu na vikosi vya polisi vya Uingereza kufikia 2023 walikuwa wakikamata watu wapatao 800 kila mwezi kwa makosa ya ngono dhidi ya watoto mtandaoni. Miongoni mwao wamo watu ambao hawajawahi kukanyaga kituo cha polisi, wenye kazi, mke na mkopo wa nyumba, na kipimo cha hatari kikiwapima mara nyingi hutoa alama ndogo.

Vipimo vyenyewe ni vya aina mbili. Cha kwanza kinaangalia yaliyopita: umri wa mtu, amehukumiwa mara ngapi, alimdhuru nani. Kwa miaka mingi polisi walitumia kinachoitwa Risk Matrix 2000, na tangu 2021 kimeshika nafasi yake kingine kiitwacho OSP. Ubaya wa kipimo cha namna hii ni kwamba jana haibadiliki. Mtu anaweza kuokoka au kuharibika zaidi, alama ikabaki ileile. Ndiyo maana kikaongezwa cha pili, ARMS, kinachouliza kuhusu leo. Ana nafasi ya kuwafikia wa kudhuriwa? Mawazo yake yamezama kwenye ngono? Anaweza kujizuia? Halafu kinageukia yale yanayomshika asianguke: kazi, ratiba ya siku, mwenzi wa maisha, watu wanaomzunguka, na kama mwenyewe amekata shauri kuachana na mwenendo ule. Majibu ya maswali hayo hayapatikani kwenye kompyuta. Yanapatikana sebuleni, na ndiyo maana miswaki inahesabiwa.

Baada ya hapo ratiba hujipanga. Wa hatari kubwa kabisa hutembelewa kila mwezi, wa hatari kubwa kila miezi mitatu, wa kati kila miezi sita, na wa hatari ndogo mara moja kwa mwaka.

Kwenye karatasi ni utaratibu mzuri, ila ichukuliwe hesabu. Kiwango kinachotajwa na polisi wenyewe ni askari mmoja kwa watu 50, na wakaguzi wamekuta vikosi ambako askari ana wengi kuliko hao. Tuseme, kwa mfano tu, kati ya hao 50 kumi ni wa hatari kubwa, ishirini wa kati na ishirini wa hatari ndogo. Kumi mara nne ni ziara 40. Ishirini mara mbili ni 40 nyingine. Ongeza 20 za mwaka mmoja mmoja: ziara 100. Lakini askari haendi peke yake, kwa hiyo atamsindikiza mwenzake kwenye 100 zake. Hizo 200 ni karibu ziara moja kwa kila siku ya kazi katika mwaka, kabla hajaandika ripoti hata moja, hajaenda mahakamani, hajamtafuta aliyehama bila kuaga, na kabla hajarudi kwenye nyumba ambayo hakumkuta mtu. Hilo la mwisho ni kubwa kuliko linavyosikika, kwa sababu polisi hawana haki ya kuingia tu. Mwenye nyumba anaweza kukataa. Mpaka wajaribu kuingia angalau mara mbili washindwe, ndipo wanaweza kumwendea hakimu kuomba hati.

Katika hesabu hiyo, askari akitaka kupata nafasi ya kupumua, anatazama wapi? Kwenye zile ziara ishirini za watu wa hatari ndogo.

Ndiko polisi wa Uingereza walikotazama. Tangu katikati ya muongo uliopita walianza mfumo unaoweza kuitwa uangalizi wa kuitikia: polisi hawaendi mpaka kuwe na jambo linalowaita. Mtu aliyepimwa akaonekana wa hatari ndogo, akakaa miaka mitatu mtaani bila kosa wala taarifa mbaya, anaweza kuondolewa kwenye ziara za kawaida. Jina halifutwi. Kaunta ya kila mwaka iko palepale, siku tatu za kuhama ziko palepale, na jela ya asiyeripoti iko palepale. Kinachobadilika ni kwamba hodi ya mwaka haipo tena, na badala yake kuna alama kwenye kompyuta. Akikamatwa kwa kosa lolote mahali popote, jirani akilalamika, mke mpya mwenye watoto akitokea kwenye taarifa, jalada linafunguliwa upya na ziara zinarudi.

Habari hiyo ilipotoka wengi walishtuka, na si ajabu. Mzazi akisikia kwamba polisi wameacha kumtembelea mtu wa aina hiyo, haulizi habari za vipimo. Hata hivyo, ushahidi uko upande wa polisi zaidi kuliko inavyodhaniwa. Mwaka 2014 mtafiti wa Kanada, Karl Hanson, na wenzake walichapisha uchunguzi wa wahalifu wa ngono 7,740. Wale wa hatari kubwa, asilimia 22 walirudia kosa la ngono ndani ya miaka mitano tangu watoke. Lakini wale wa kundi hilohilo waliokaa miaka kumi mtaani bila kosa, kiwango kilikuwa kimeshuka mpaka asilimia 4.2. Wa hatari ndogo walibaki kati ya asilimia 1 na 5 tangu mwanzo hadi mwisho. Muda, kwa maneno mengine, nao ni kipimo.

Mahakama ya Juu ya Uingereza ililiona hilo kabla ya takwimu hizo. Mwaka 2010 watu wawili, mmoja wao akiwa mtoto wa miaka 11 alipotenda kosa lake, walipinga kuwekwa kwenye daftari maisha yao yote bila nafasi hata moja ya kusikilizwa tena, wakashinda. Tangu 2012 mtu aliyewekwa bila kikomo anaweza kuomba afikiriwe upya baada ya miaka 15, au minane kama alihukumiwa akiwa chini ya miaka 18. Magazeti yalipiga kelele. Daladala, hata hivyo, ilipata mlango wa kushukia. Muswada wa Uhalifu na Polisi uliowasilishwa bungeni Februari 2025 ulikwenda mbele kidogo, ukaweka kipengele cha kuwawezesha polisi wenyewe kuanzisha mapitio hayo bila kusubiri mhusika aombe.

Marekani imefanya jaribio lililo wazi zaidi, ingawa halikuhusu makosa ya ngono. Huko Philadelphia, miaka ya 2007 na 2008, watu 1,559 waliokuwa chini ya uangalizi na kuhesabiwa wa hatari ndogo waligawanywa kwa bahati nasibu. Nusu yao waliendelea na uangalizi wa kawaida. Nusu nyingine walikabidhiwa maofisa wachache, kila mmoja akiwa na watu kama 400, na wakawa wanafika ofisini mara moja kwa miezi sita. Baada ya mwaka, waliolegezewa hawakutenda uhalifu zaidi ya wenzao kwa kiwango cha kutiliwa maanani. Maofisa waliopata nafuu walikwenda kuwashughulikia wengine.

Kufikia hapo hadithi ni tamu, na ingeweza kuachwa hapo. Kuna nyumba moja huko Antioch, California, isiyoruhusu.

Phillip Garrido alikuwa mtekaji na mbakaji aliyefungwa mwaka 1977, akatolewa 1988. Mwaka 1991 alimteka msichana wa miaka 11 akienda kupanda basi la shule, akamficha uani kwake miaka 18, akamzalisha watoto wawili wa kike. Muda huo wote alikuwa chini ya uangalizi. Kuanzia 1999 California ilimpokea rasmi kwenye paroli, na Novemba 2009 Mkaguzi Mkuu wa jimbo akatoa ripoti isiyosomeka kirahisi. Garrido alikuwa ameainishwa kimakosa kuwa mtu wa hatari ndogo. Kati ya miezi 123 aliyosimamiwa na California, miezi 12 tu ndiyo ilisimamiwa inavyotakiwa.

Lakini walifika. Hilo ndilo la kutazamwa kwa karibu. Maofisa wa paroli waliingia nyumba ile mara nyingi, wakasimama kwenye ua uleule. Nyaya za umeme zilitoka nyumbani zikaelekea nyuma, kwenye sehemu iliyofichwa na miti na maturubai. Hakuna aliyezifuata kujua zinawasha nini. Mmoja alimkuta msichana wa miaka 12. Garrido akasema ni binti wa kaka yake, ofisa akaandika na kuondoka. Hakupiga simu kwa kaka. Mwaka 2006 jirani alipiga simu polisi kusema kuna watoto wanaishi kwenye mahema nyuma ya nyumba. Askari wa kaunti akafika, akaongea na Garrido mbele ya mlango, akaondoka bila kujua kwamba anayeongea naye ni mhalifu aliyesajiliwa. Taarifa ya usajili ilikuwepo, na malalamiko ya jirani yalikuwepo, havikukutanishwa.

Waliomfichua hawakuwa maofisa wake. Agosti 2009 alikwenda Chuo Kikuu cha California, Berkeley, akiwa na mabinti wawili, kuomba kibali cha mkutano wa dini. Wanawake wawili wa kikosi cha polisi cha chuo waliona kitu hakikai sawa: watoto wamepauka, wanaongea kama waliokaririshwa. Mmoja akachunguza jina lake kwenye kompyuta, kisha akampigia simu ofisa wa paroli. Ofisa akashangaa, kwani kwa alivyojua, Garrido hakuwa na watoto. Siku iliyofuata kila kitu kilifunguka. California ililipa fidia ya dola milioni 20.

Wapo wanaoisoma kesi hii kama hoja ya kuongeza ziara. Haisemi hivyo. Hata kama Garrido angetembelewa kila wiki na watu wasiofuata nyaya, yangekuwa yaleyale. Kosa lilianza siku aliyopachikwa jina la hatari ndogo, kisha jina hilo likawa miwani ambayo kila aliyefika alimtazama kwayo. Uangalizi wa kuitikia unasimama au kuanguka kwa mambo mawili: kipimo cha mwanzo kifanywe na mtu mwenye muda wa kukifanya, na kuwe na kitu cha kuitikia. Kama askari wa doria haoni alama kwenye kompyuta yake, au simu ya jirani inaishia kwenye faili la kaunti nyingine, hakuna uangalizi wa aina yoyote. Na hapo ndipo ukata unapouma kweli. Kupunguza ziara ni rahisi, hata mhasibu anaweza. Kupima vizuri na kuunganisha taarifa kunahitaji askari wazoefu, nao ndio waliopungua.

Basi kwa nini majina yasiwekwe hadharani, mtaa mzima uwe macho? Marekani imefanya hivyo tangu miaka ya 1990, na mtu yeyote anaweza kutafuta kwenye tovuti nani anaishi jirani. Uingereza ilionja njia hiyo mwaka 2000. Sarah Payne, mtoto wa miaka minane, alikuwa ameuawa huko Sussex Magharibi na Roy Whiting, mtu aliyekuwamo kwenye daftari. Gazeti la News of the World likaanza kuchapisha majina na picha. Mtaani Paulsgrove, Portsmouth, umati ulizunguka usiku baada ya usiku, ukachoma gari na kuzifukuza familia ambazo baadhi hazikuwa na hatia yoyote. Huko Wales ya kusini daktari wa watoto alikuta mlango wake umeandikwa tusi, kwa kuwa jina la kazi yake kwa Kiingereza linaanza kama neno la anayewanajisi watoto. Polisi nao waliona jambo ambalo halikuwa kwenye mabango: mtu akiogopa kuchomewa nyumba, hatoi anwani yake ya kweli, na daftari lenye anwani za uongo halimlindi mtoto wa mtu.

Kilichopatikana baadaye ni njia ya katikati, iitwayo Sheria ya Sarah, iliyojaribiwa kuanzia 2008 na kuenea England na Wales nzima kufikia 2011. Daftari linabaki siri, ila mtu mwenye wasiwasi anaweza kuwauliza polisi kuhusu mtu fulani anayekaribiana na mtoto fulani. Kwa askari mwenye majalada 50, kila ombi la namna hiyo ni jicho la bure mahali asipoweza kufika.

Huenda Waswahili wengi waishio Uingereza hawajui kwamba njia hii iko wazi kwao pia, au wanadhani ni lazima uwe mzazi. Si lazima. Bibi, mjomba, jirani au rafiki wa familia anaweza kuomba kwenye kituo chochote, kwa simu namba 101 au kwenye tovuti ya polisi wa eneo lake. Kama kuna la kuambiwa, ataambiwa yule anayeweza kumlinda mtoto, ambaye mara nyingi ni mzazi au mlezi, naye atatakiwa kulitunza kama siri. Anayeona mtoto yuko hatarini saa hiyohiyo asijaze fomu. Apige 999.